Fomu ya Kituo Iwe Mali ya Umma: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Chaguzi

Waheshimiwa wenyeviti na makamishna wa tume za uchaguzi katika nchi zinazoendelea, pamoja nanyi marais na wabunge mnaowateua na kuwapangia bajeti,

Salamu kwenu.

Nawaandikia kuhusu saa chache tu za uchaguzi. Kampeni nimeziweka kando, foleni za asubuhi pia, hata daftari la wapiga kura ambalo kila msimu huzua ugomvi wake. Nataka tuzungumzie muda ulio kati ya msimamizi wa kituo kulifungua sanduku jioni na mwenyekiti wa tume kusimama mbele ya kamera kumtaja mshindi. Chaguzi nyingi zilizotuletea maafa ziliharibikia hapo.

Ombi langu ni moja, na nalisema mapema ili msihangaike kulitafuta. Kura zihesabiwe kituoni. Matokeo yabandikwe mlangoni usiku uleule. Picha ya fomu ya kila kituo iwekwe kwenye tovuti ya tume kabla jumla ya taifa haijatangazwa. Na hesabu ya kituo iwe ya mwisho, isiguswe na mtu yeyote isipokuwa kwa amri ya mahakama.

Baadhi yenu mtajibu kwamba sheria zenu zinasema hivyo tayari. Zinasema nusu. Nyingi zinaagiza wakala wa chama apewe nakala, kisha zinanyamaza kuhusu mwananchi wa kawaida. Nyingine zinaagiza kubandika lakini hazisemi kitu kuhusu tovuti, wala hazitoi adhabu kwa msimamizi anayeondoka na fomu mfukoni.

Nianze na kwa nini nang'ang'ania kituo. Tazameni kinachofanyika pale kura zinapohesabiwa. Sanduku linafunguliwa mbele ya mawakala wa vyama. Karatasi inainuliwa, inageuzwa ili kila mmoja aione, jina linatajwa kwa sauti, mtu anachora vijiti vya kuhesabia. Wakala anabisha: alama imevuka mstari, hiyo imeharibika. Mwingine anamjibu. Wanavutana kidogo, wanakubaliana, kazi inaendelea. Mwisho wake hesabu lazima ifunge: karatasi zilizopokelewa asubuhi ziwe sawa na zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki zikijumlishwa pamoja. Kura zenyewe ni mamia machache, na walio ndani ya chumba wanatazamana usoni.

Kuiba katika mazingira hayo kunawezekana, sikatai. Mwaka 2007 nchini Sierra Leone, tume iliyoongozwa na Christiana Thorpe ilifuta matokeo ya vituo 477 katika duru ya pili kwa sababu kura zilizokuwa ndani ya masanduku zilizidi idadi ya walioandikishwa. Lakini angalieni jinsi wizi huo ulivyojianika wenyewe. Anayetaka kuchakachua kituoni lazima awanunue au awatishe watu wengi, katika vituo vingi, kwa usiku mmoja, na bado namba zake zitamsaliti.

Sasa ifuateni ile fomu ikishatoka kituoni. Inaingia kwenye bahasha, bahasha kwenye gari, gari linakwenda kwenye kituo cha kujumlishia. Huko kuna meza, kompyuta, karani aliyechoka na afisa mwenye mamlaka. Mawakala wamepungua, wengine wamezuiwa getini. Tarakimu moja ikibadilishwa hapo inafanya kazi ya wajaza masanduku elfu moja, na hakuna kelele inayosikika. Ndiyo sababu mwizi mwenye akili hahangaiki na kituo. Anasubiri fomu ije kwake.

Kenya mwaka 2007 kura zilipigwa kwa utulivu tarehe 27 Desemba. Nchi ilianza kuwaka wakati wa kujumlisha, matokeo ya baadhi ya majimbo yalipochelewa na takwimu zilizosomwa Nairobi zikapishana na zilizotangazwa majimboni. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakayakimbia makazi yao. Mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, aliwaambia waandishi kwamba hajui kama Rais Kibaki alishinda. Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilipomaliza kazi mwaka 2008 ilihitimisha kwamba haiwezekani kumjua mshindi halali. Mamilioni wamepiga kura, kila kituo kimehesabu, na baada ya uchunguzi wote huo hakuna awezaye kusema nani alichaguliwa. Siwezi kufikiria aibu kubwa zaidi kwa tume ya uchaguzi, na kwa haki ya Mungu siyo Kenya peke yake iliyowahi kuwa karibu nayo.

Gabon mwaka 2016 ilitupa mfano ambao hauhitaji hata hesabu za darasani. Jimbo la Haut-Ogooué, nyumbani kwa familia ya Rais Ali Bongo, lilitangazwa kuwa na mahudhurio ya asilimia 99.93, na asilimia 95 ya kura zikawa zake. Kwa jumla ya taifa alimpita Jean Ping kwa kura chini ya 6,000. Wapinzani na waangalizi wa nje waliomba kitu kimoja: matokeo kituo kwa kituo. Hawakupewa. Miaka saba baadaye, Agosti 2023, Bongo alitangazwa mshindi tena usiku wa manane, mtandao ukiwa umezimwa, na dakika chache baadaye wanajeshi walitokea kwenye televisheni wakatangaza kwamba utawala wake umekwisha. Watu walimiminika barabarani kushangilia. Sishangilii mapinduzi ya kijeshi. Nasema tu kwamba mtawala aliyekataa kuonyesha karatasi zake hakupata raia wa kumtetea siku alipohitaji mmoja.

Upande wa pili kuna Gambia, na kisa chake nakipenda kuliko vyote. Wagambia walipiga kura kwa gololi. Mpiga kura alipewa gololi moja, akaitumbukiza kwenye pipa lenye rangi na picha ya mgombea wake, na kengele ya ndani ililia mara moja ili wote wajue hakutumbukiza mbili. Jioni gololi zilimwagwa kwenye sinia lenye matundu, zikahesabiwa. Hakuna mashine hapo, hakuna mkataba wa mamilioni na kampuni ya ng'ambo. Kilichokuwa kipya katika uchaguzi wa Desemba 2016 ni kwamba gololi zilihesabiwa palepale kituoni, mbele ya mawakala, badala ya mapipa kusafirishwa kwanza. Yahya Jammeh, aliyekuwa ametawala tangu mapinduzi ya mwaka 1994, akashindwa na Adama Barrow.

Kilichofuata ni funzo zaidi. Tume iligundua imekosea kujumlisha eneo moja, ikarekebisha hadharani. Uongozi wa Barrow ukashuka kutoka kura zaidi ya 51,000 hadi takribani 19,000. Jammeh, ambaye awali alikubali kushindwa kwa simu mbele ya kamera, aliligeuza kosa hilo kuwa kisingizio cha kukataa. Lakini matokeo ya vituo yalikuwa yamesainiwa na watu wake mwenyewe, na mwenyekiti wa tume, Alieu Momar Njai, alisimama juu yake. ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikatuma majeshi, na Januari 2017 Jammeh akapanda ndege. Kosa la kujumlisha linasameheka pale ambapo namba za chini zipo wazi na kila mtu anaweza kulirudia zoezi. Pasipo namba za chini, kila kosa linanuka wizi, hata likiwa kosa kweli.

Nisitie chumvi. Fomu ya mlangoni haimwondoi mtawala kwa nguvu zake yenyewe. Zimbabwe, kabla ya uchaguzi wa Machi 2008, mazungumzo yaliyosimamiwa na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, yalizaa sheria ya kubandika matokeo nje ya kila kituo. Wapinzani na waangalizi wa ndani walizunguka wakinakili na kupiga picha. Tume ilikaa na matokeo ya urais tangu tarehe 29 Machi hadi 2 Mei. Ilipofungua mdomo, Morgan Tsvangirai alikuwa na asilimia 47.9 na Robert Mugabe 43.2. Wapo wanaoamini kwamba hata hapo Tsvangirai alipunjwa ili asivuke nusu, na kuchelewa kule kunawapa haki ya kushuku. Kumtangaza Mugabe kuwa ndiye anayeongoza, hata hivyo, kulishindikana, na naamini ni kwa sababu ya zile karatasi. Kisha likaja duru la pili: wafuasi wa upinzani walipigwa na kuuawa hadi Tsvangirai akajitoa. Karatasi ilizuia uongo. Rungu haikulizuia.

Venezuela ni mfano wa karibu zaidi. Baada ya kura ya tarehe 28 Julai 2024, baraza la uchaguzi lilimtangaza Nicolás Maduro mshindi kwa asilimia 51 bila kuonyesha matokeo ya meza ya kupigia kura hata moja. Lakini mashine za kule huchapa karatasi ya matokeo mwisho wa siku, na mawakala wana haki ya nakala. Upinzani ulizikusanya za zaidi ya asilimia 80 ya meza, ukaziweka kwenye tovuti, kila raia akaangalia ya kwake. Zilionyesha Edmundo González ameshinda kwa mbali. Maduro aliapishwa hata hivyo. Je, kazi ile ilikuwa bure? Sidhani. Kuna tofauti kubwa kati ya serikali inayodaiwa kuiba na serikali ambayo raia wake wanajua, kwa tarakimu, iliiba kura ngapi na wapi.

Na kuna siku ambazo namba zenyewe huwahamisha watu. Ufilipino, Februari 1986, wananchi wa kujitolea wa NAMFREL, kundi la raia la kulinda kura, walikuwa wakijumlisha matokeo ya vituo kwa upande wao, tume ya serikali kwa upande wake. Makarani zaidi ya 30 wa kompyuta wa tume waliona kwamba takwimu zinazowekwa ubaoni si zile wanazoingiza. Wakainuka, wakatoka nje ya ukumbi mbele ya waandishi wa dunia nzima. Wiki mbili baadaye Ferdinand Marcos aliikimbia nchi. Chile, Oktoba 1988, katika kura ya Ndiyo au Hapana kuhusu Jenerali Pinochet kuendelea kutawala, kambi ya Hapana ilikuwa na hesabu yake ya vituo usiku ule, na Jenerali Fernando Matthei wa jeshi la anga, mmoja wa watawala wenyewe, alipokuwa akiingia ikulu aliwaambia waandishi kwamba kwake ni wazi Hapana imeshinda. Pinochet alibaki bila pa kujificha.

Waheshimiwa, najua pingamizi zenu, nimezisikia katika mikutano ya tume na katika majibu ya mawakili wenu. Nizijibu zile nzito.

Ya kwanza: umma ukipewa maelfu ya fomu utachanganyikiwa, kila mtu atatangaza mshindi wake. Indonesia ilikuwa na vituo zaidi ya 470,000 katika uchaguzi wa rais wa Julai 2014, na wagombea wote wawili walidai ushindi usiku uleule. Hali ilikuwa inanukia ghasia. Tume iliweka picha za fomu za vituo mtandaoni. Kundi la vijana, waliojitolea takribani 700, wakaanza kuzisoma na kuingiza namba, wakaita kazi yao Kawal Pemilu, na ndani ya siku chache jumla yao ilikuwa wazi kwa kila mtu. Tume ilipotangaza rasmi ushindi wa Joko Widodo kwa asilimia 53, ilikuwa inathibitisha jambo ambalo nchi ilikwisha kulijumlisha. Watu walitulia kwa sababu walikuwa na namba za kushika.

Kenya pia ilijifunza, na ilijifunza kwa gharama. Mwaka 2017 ilijaza mitambo kila mahali. Siku chache kabla ya kura, afisa aliyesimamia mfumo wa kompyuta wa tume, Chris Msando, alikutwa ameuawa. Matokeo ya urais yakatangazwa huku maelfu ya fomu za vituo zikiwa hazijaonekana, na Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilipoamuru seva zifunguliwe, tume haikutii ipasavyo. Tarehe 1 Septemba uchaguzi ukabatilishwa, wa kwanza wa rais kufutwa na mahakama barani Afrika. Mwaka 2022 tume ikafanya jambo rahisi: iliweka fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti, kila anayetaka apakue. Makamishna wanne kati ya saba walimkana mwenyekiti wao saa ya kutangaza, ukumbi ukageuka uwanja wa ngumi, na ushindi wa William Ruto ulikuwa wa asilimia 50.49 tu. Katika mazingira hayo ya 2007 nchi ingeungua. Safari hii kila upande ulirudi kwenye zile fomu, mahakama ikazilinganisha na nakala halisi, ikaamua. Walioshindwa hawakufurahi. Lakini walipeleka ugomvi wao mahakamani wakiwa na karatasi.

Pingamizi la pili: picha za fomu zinaweza kughushiwa. Tume ya India ilitoa hoja inayofanana na hiyo mwaka 2024, ilipopinga mahakamani ombi la kuweka mtandaoni fomu zinazoonyesha idadi ya kura zilizopigwa katika kila kituo. India naiheshimu mno katika mambo haya. Ndiyo iliyotuonyesha, katika uchaguzi wa 1951 na 1952, kwamba watu wasiojua kusoma wanaweza kuichagua serikali kwa alama za picha, na ndiko Indira Gandhi aliitisha uchaguzi mwaka 1977, akashindwa, akaondoka. Hapa lakini naona imegeuza mambo. Fomu za kughushi huenea pale ambapo ile ya kweli imefungiwa kabatini. Ikiwa fomu halisi iko kwenye tovuti ya tume tangu usiku wa kwanza, mwenye ya bandia atalinganishwa nayo asubuhi na kuumbuka.

La tatu ni mtandao hafifu vijijini. Hilo ni kweli, na ndiyo maana mlango unatangulia tovuti. Senegal mwaka 2000, intaneti ikiwa bado ya wachache, waandishi wa redio binafsi walisimama vituoni na simu za mkononi, wakasoma hewani matokeo yaliyokwisha hesabiwa. Hadi asubuhi nchi ilijua hali ikoje, na Abdou Diouf, aliyekuwa madarakani tangu 1981, baada ya duru ya pili alimpigia simu Abdoulaye Wade kumpongeza. Anayesema teknolojia haitoshi amwulize mtangazaji wa redio.

Na wengine husema kubandika fomu kunawachochea watu kudai matokeo kwa pupa. Malawi inajibu. Mwaka 2019 karatasi za matokeo zilirudi zimepakwa wino mweupe wa kufutia, ndipo watu wakaubandika uchaguzi ule jina la Tipp-Ex. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano, waliofika mahakamani wakiwa wamevaa fulana za kuzuia risasi, walisoma hukumu kwa saa kadhaa redioni wakaufuta. Uchaguzi wa Juni 2020 ukampa Lazarus Chakwera asilimia 59 hivi. Kisha Septemba 2025, huyohuyo Chakwera akashindwa na Peter Mutharika. Tume ilikagua fomu zake kwa siku nane zote ambazo sheria iliipa, wananchi wakasubiri, na rais aliyekuwa madarakani akakubali matokeo. Watu husubiri pale wanapojua kinachofanyika ndani ya hizo siku.

Niseme neno kuhusu mashine, maana huko ndiko fedha zinakokwenda. Kila msimu tunanunua vifaa vya alama za vidole, vishikwambi, seva, mikataba isiyoonyeshwa. Mashine ya alama za vidole inamtambua mpiga kura asubuhi. Usiku haina la kusema. Mexico ilijifunza hilo Julai 1988, pale serikali ilipodai mfumo wa kompyuta umeanguka wakati matokeo ya awali yakimwelekea mpinzani, kisha ukaamka ukiwa na mshindi wa chama tawala. Tiba yao ilikuwa ya watu zaidi kuliko ya mitambo: wasimamizi wa vituo ni raia wa kawaida wanaopatikana kwa kura ya bahati nasibu, jirani anahesabu kura za jirani, na matokeo ya awali hutolewa kituo kwa kituo. Mwaka 2000 chama kilichotawala kwa miaka 71 kikaondoka kwa amani. Mkiniuliza niwachagulie kati ya seva mpya na taa nzuri ya sola katika kila kituo, nachagua taa. Hesabu zinazofanyika gizani, msimamizi amebana tochi shingoni, ndizo zinazozaa fomu zilizokatwakatwa ambazo baadaye hakuna anayejua kama ni wizi au usingizi.

Kuna faida moja ambayo watawala hawaioni. Fomu ya kituo inamsaidia anayeshindwa. Ghana waligombana vibaya mwaka 1992 hadi upinzani ukasusia uchaguzi wa bunge. Tangu hapo wamejenga, polepole, mazoea ya kila chama kukusanya fomu zake za vituo. Mwaka 2008 John Atta Mills alishinda kwa tofauti ya kura 40,000 hivi kati ya takribani milioni tisa, na nchi haikuvunjika. Kesi ya uchaguzi wa 2012 ilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni, majaji na mawakili wakipekua fomu moja baada ya nyingine, na Nana Akufo-Addo alipoambiwa ameshindwa alikubali. Kisha asubuhi ya tarehe 8 Desemba 2024, kabla tume haijatangaza chochote, Makamu wa Rais Mahamudu Bawumia, mgombea wa chama tawala, alijitokeza akasema hesabu za chama chake mwenyewe zinaonyesha John Mahama ameshinda, akampongeza. Hakuhitaji ushauri wa balozi wala wa mzee wa kanisa. Alikuwa na fomu. Mgombea asiye na fomu hubaki na wapambe wake, na wapambe hawajawahi kumwambia mtu kwamba ameshindwa.

Sasa ninyi marais na wabunge. Tume haiwezi kufanya haya ikiwa mnaishikilia shingo. Kwenu nina mambo machache.

Acheni kuzima mtandao. Kongo baada ya kura ya Desemba 2018 ilizimwa karibu wiki tatu. Maaskofu wa Kanisa Katoliki, waliokuwa na waangalizi wapatao 40,000, walisema wanamjua mshindi, na tume ikamtangaza mshindi bila kutoa matokeo ya kila kituo hadi leo. Uganda ilizimwa Januari 2021, Tanzania Oktoba 2025. Mnasema ni kwa usalama. Lakini picha ya fomu inasafiri kwa njia ileile mnayoifunga, na raia anajua hivyo.

Fungueni milango ya mahakama. Katiba ya Tanzania, ibara ya 41(7), inazuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa rais aliyekwisha tangazwa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema Julai 2020 kwamba kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Fomu ina maana gani ikiwa hakuna jaji wa kuipelekea?

Na msitoe ahadi mkaiacha nje ya sheria. Nigeria iliahidi wananchi kwamba matokeo ya kila kituo yatapandishwa kwenye tovuti siku ya kura, Februari 2023. Ya wabunge yalipanda. Ya rais yakakwama kwa saa nyingi, tume ikasema ni hitilafu. Walioenda Mahakama ya Juu waliambiwa kwamba kutopandisha hakutoshi kubatilisha uchaguzi. Kisheria huenda majaji walikuwa sahihi, na hapo ndipo penye ubaya wote: ahadi ilikuwa ya mdomoni na kwenye miongozo, sheria ilikuwa legelege.

Najua vilevile kwamba uchaguzi unaweza kuibwa miezi mingi kabla, kwa kumfunga mgombea au kulisogeza tarehe. Senegal walijaribiwa hivyo mwaka 2024. Baraza la Katiba likamzuia Macky Sall kuahirisha kura, na Bassirou Diomaye Faye aliyetoka gerezani siku kumi tu kabla ya kupiga kura akashinda duru ya kwanza. Hayo yanahitaji barua nyingine na majaji wenye uti wa mgongo. Leo nabaki na fomu.

Kanuni ninayoiomba haina urefu. Iseme kwamba hakuna kituo kitakachofungwa kabla fomu haijajazwa kwa tarakimu na kwa maneno, ikasainiwa, ikabandikwa, na kila aliyepo kuruhusiwa kuipiga picha. Iseme kwamba wakala akifukuzwa wakati wa kuhesabu, sababu iandikwe kwenye fomu hiyohiyo. Iseme kwamba mwenyekiti wa tume haruhusiwi kutangaza jumla inayojumuisha kituo ambacho fomu yake haijaonekana hadharani, na kwamba palipo na kasoro kituo kitajwe kwa jina na namba za kura zake zitengwe hadi mahakama iamue. Msimamizi atakayebadilisha tarakimu baada ya saini afungwe, na aliyemtuma afungwe pia.

Ipelekeni bungeni sasa, mapema, kabla vyama havijateua wagombea, maana majina yakishajulikana kila kifungu kitasomwa kama mtego wa kumsaidia fulani. Na katika bajeti hiyohiyo tengeni posho ya mawakala wa vyama vyote kwa usiku mzima wa kuhesabu, pamoja na taa, kalamu na gundi ya kubandikia.

Wasalaam,
Mpiga kura